Kabati, Kidole na Maua ya Kahawa

Hajafa. Nasema mapema msije mkaanza kunipa pole. Yupo kwake Songambele, anaamka, ananyoa ndevu, anapiga pasi hata shati la kwenda shambani. Ila hotelini kwangu hapa Nkwenda haji tena, na lile benchi la dirishani bado linaitwa benchi la Mwalimu. Mgeni akilikalia namwambia hamia kule, hapo pana mtu. Akiniuliza mtu gani, namletea chai anyamaze.

Ni jirani yangu wa siku nyingi huko nyumbani. Migomba yao na migomba yetu inagusana, na kuku wangu wakitaka kutaga wanakwenda kwake, sijui kwangu wameona nini. Alifundisha fizikia sekondari mpaka akastaafu, na huku kila mtu, hata mchungaji, hata wauza senene, anamwita Mwalimu. Mkewe peke yake ndiye hakumwita hivyo. Alimwita Baba Alinda, kwa jina la binti yao mkubwa. "Mwalimu ni wa shuleni," alikuwa anasema Mama Alinda. "Humu ndani hakuna mwanafunzi." Mwalimu alikuwa anacheka tu, maana alijua kwake nani anashika chaki.

Mtu akitaka kumjua aanze na baiskeli yake. Wenzake wote wakifika kilimani wanashuka wanakokota, kwenye mteremko wanapanda wanajiachia. Yeye kinyume. Kilima alikipanda amekaa juu, jasho linamtiririka, mishipa ya shingo imemtoka, na akifika kileleni anashuka anaikokota mpaka chini taratibu kama anampeleka ng'ombe mnadani. Vijana wa bodaboda walikuwa wanampigia kelele, "Mwalimu, breki zimekufa?" Naye anajibu, "Breki zipo. Mteremko haukupi nafasi ya kubadili mawazo." Tulikuwa tunaucheka sana usemi huo. Siku hizi siucheki.

Kwetu huku kuna kitu kinaitwa butura. Asiyekijua ni hivi: mkahawa ukitoa maua tu, kabla hata punje hazijaonekana, anakuja mnunuzi, anasimama shambani kwako, anaangalia matawi, anakupa hela kidogo ya shida uliyonayo leo. Kahawa ikiiva, si yako tena. Imekatazwa, viongozi wanaikemea kila mwaka, na kila mwaka watu wanauza, maana ada ya shule haisubiri kahawa iwe nyekundu.

Mwalimu aliichukia butura kuliko alivyomchukia mvivu. Maua yakichanua, siku zile shamba zima linakuwa jeupe na harufu inaingia mpaka chumbani, watu wengine walikuwa wanafurahi. Yeye alikuwa anavaa koti. Anapita nyumba hadi nyumba. "Kuuza kahawa ikiwa ua ni kumuoza mtoto akiwa tumboni," anasema. "Hujui atakuwa wa kike au wa kiume, na mahari umeshakula!" Kanisani matangazo yakiisha anainuka na yeye kutangaza. Mchungaji alishazoea, alikuwa anakaa kabisa.

Mume wangu aliwahi kuuza. Tulikuwa na mgonjwa, nyumba haina kitu. Mwalimu akasikia, akaja, akamsimamisha mume wangu uani kama mwanafunzi aliyekutwa anavuta sigara chooni, akamsema mpaka mimi nikaona aibu mbele ya watoto. Nikawaka. Nikajiambia huyu mzee ana dharau gani, pensheni inaingia kila mwezi halafu anakuja kutupigia kelele. Jioni hiyo hiyo akarudi, baiskeli ina debe la maharage nyuma. Akafungua mpira, akaliweka debe kwenye baraza, akaondoka. Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Unamchukia asubuhi, jioni unapika maharage yake.

Mambo yake mengi yalikuwa hivyo, huku yanakwenda na huku yanarudi. Alikuwa anachukia umbea, na hakuna habari ya Nkwenda ambayo hakuijua. Aliwaambia vijana wasinywe rubisi, pombe yetu ya ndizi, halafu kwenye harusi anaomba kibuyu "kuipima tu," na akishaipima anaimba. Mnyauko ulipokausha migomba ya watu, yeye ndiye aliyetuita akatuambia, "Ukipanda kitu kimoja unamlimia mdudu mmoja. Changanyeni." Tukachanganya. Maharage, mihogo, kahawa, kila mtu akajaza kibanja chake. Tulimsikiliza sana, ndilo linaloniuma.

Kahawa ya kwao ilikuwa mikononi mwa Mama Alinda. Mwalimu alijua mwanga, mkewe alijua mkahawa. Yeye ndiye aliyepogoa, aliyetandaza nyasi, aliyechuma nyekundu akaziacha za kijani zingoje siku yake. Kahawa hiyo ilimnunulia dawa za presha, sabuni, kitenge na sadaka ya Jumapili, asimwombe mtu. Na kila mwaka alikuwa anatenga chache za kutafuna. Anazichemsha na majani anayoyajua mwenyewe, anazianika, anaziweka katika kikapu kidogo chenye mfuniko.

Mgeni akiingia kwao, kabla ya maji, kabla ya habari za safari, anakaribishwa kiti kilicho karibu na mlango, kikapu kinafunguliwa mbele yake. Mama Alinda alikuwa anakitoa kwa mikono miwili, ameinama kidogo, awe mgeni ni askofu au ni muuza mitumba. Ndiyo desturi yetu, ila wengi siku hizi tunanunua dukani au tunajifanya tumesahau. Yeye alikuwa anasema nyumba isiyo na kahawa yake ya kumpa mgeni ni kibanda cha kujikingia mvua.

Basi, mkongo wa mawasiliano ukapita huku. Mafundi walichimba mtaro kandokando ya barabara ya kwenda mpakani, wakalaza bomba, wakafukia. Watu wakaanza: wengine wanasema ni maji, wengine wanasema wazungu wanatafuta madini, mmoja akaapa kwamba ni mtego wa wanaovusha kahawa kwa magendo. Mwalimu akaona aibu kwa niaba ya fizikia. Siku ya gulio akaingia hotelini, akaniomba chupa tupu ya maji na msumari. Akaitoboa chupa ubavuni, akaijaza maji, akatuingiza wote stoo: mimi, mpishi wangu, wabeba mizigo na dereva mmoja wa fuso. Akafunga mlango, giza likawa totoro. Akawasha tochi ya simu nyuma ya chupa.

Maji yakachuruzika kwenye lile tundu, yakapinda kuelekea kwenye beseni, na mwanga ukapinda nayo. Haukwenda moja kwa moja ukutani kama mwanga tunaoujua. Ulifuata maji mpaka chini, beseni likang'aa.

"Maawe!" mpishi wangu akashika kichwa. "Mwanga umekunjwa!"

"Haujakunjwa. Umefungiwa," Mwalimu akasema, na sauti ile ya darasani ikamrudia, nikajikuta nimesimama wima. "Kila ukitaka kutoka unagonga ukuta, unarudishwa ndani. Mkongo ni hivi hivi, ila badala ya maji ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Ndani ya uzi huo ndimo zinamopita simu zenu, na picha zenu, na uongo wenu."

Dereva akauliza, "Sasa Mwalimu, kumbe utajiri uko kwenye huo uzi?"

"Uzi ni uzi tu," Mwalimu akasema. "Utajiri uko kwa anayeuza tochi."

Halafu akageuza kichwa, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali. Mimi naamini ugonjwa ulimpata pale pale, stoo kwangu, kati ya magunia ya mchele.

Tochi zenyewe si tochi, alikuja kutueleza. Ni mitambo inayokaa kila mwisho wa mkongo, inageuza maneno kuwa mwanga na mwanga kuwa maneno. Wanaoitengeneza duniani ni wachache na wanavizia riziki moja. Majina yao yalikuwa magumu mdomoni, kwa hiyo akawabatiza. Mmoja, mkongwe, anauza mtambo mzima mkubwa pamoja na fundi wake na kila kikorokoro; huyo akamwita Kabati. Mwingine, mdogo, kazi ile ile ameipunguza ikaingia kwenye kidude cha ukubwa wa kidole, unakichomeka kwenye mashine uliyonayo, basi; huyo akawa Kidole. Hoteli nzima ikawajua. Wabeba mizigo walikuwa wananiuliza nikiwamiminia chai, "Mama Asimwe, Kabati kaamkaje leo?"

Alinda, yule binti, ni muuguzi huko ughaibuni. Baba yake akamwomba amnunulie hisa. Alinda akakubali, akidhani ni pensheni kidogo ya mzee ya kumchangamsha, na tukubali ilimchangamsha. Kila gulio alikuja na simu, miwani puani, akitusomea wawekezaji wa nje wanasemaje na kututafsiria hapo hapo. Kuna aliyesema Kabati hatikisiki, maana aliyekwisha kuliweka kabati ndani halitoi ovyo ovyo. Kuna aliyesema Kidole atamla Kabati kuanzia miguuni. Watu waligawanyika, wakawekeana soda. Dereva wa fuso alikuwa Kabati damu. Mpishi wangu, ambaye hata kompyuta hajawahi kuigusa, alikuwa Kidole.

Siku moja Mwalimu akasoma mwekezaji mwingine, akacheka mpaka akavua miwani. "Huyu sasa! Anasema hawa wote watafanya kazi sana na hakuna atakayetajirika. Mwoga! Huyu angekuwa mkulima angekufa njaa kwa kuogopa mvua."

"Kwani mtu anaweza kufanya kazi sana asitajirike?" mpishi wangu akauliza.

Dereva akamwangalia kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Dada, hebu jiulize wewe mwenyewe."

Tukaangua kicheko. Mwalimu hakusikia, alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine.

Kwenye kona ya hoteli, mbali na dirisha, anakaa Mnunuzi. Ananunua kahawa, maharage, chochote. Mtu mpole, shati la mikono mirefu, anawalipia watu chai bila kujionyesha, na maua yote ya butura ya upande wetu yanaishia kwake. Yeye na Mwalimu walikuwa hawasalimiani. Mwalimu alikuwa anageuza hata kiti ili mgongo ndio uwe upande wake. Basi mwaka ule, mikahawa ndiyo kwanza imechanua, nikamwona Mwalimu anachukua kikombe chake anahama. Nikasema leo ni leo, anakwenda kumtukana. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi nisipitwe.

Hakumtukana. Alikaa. Waliongea kwa sauti ya chini, vichwa vimekaribiana, na nilichokisikia nikipita na sahani ni Mwalimu akisema, "Nimechoka kusimama upande wa kuuza. Safari hii na mimi ninunue." Nikadhani anataka kuingia biashara ya mazao, uzeeni! Nikaenda kumsimulia mpishi tukacheka.

Kumbe alikuwa anauza maua ya mkewe. Yote. Kahawa ya msimu ule, na kama magunia waliyopatana hayatatimia, basi na ya msimu unaofuata, na unaofuata, mpaka yatimie. Hela ikaenda kwa Alinda, Alinda akanunua Kidole, na Mama Alinda akaendelea kutandaza nyasi kwenye mikahawa yake akiimba. Baadaye Mnunuzi aliniambia, na sina sababu ya kutomwamini: "Mama Asimwe, mimi sikumfuata. Alinifuata. Nilimwambia, Mwalimu, wewe? Akasema, ndiyo, mimi."

Nilipojua nilikasirika, nikasema nikimwona nitamuuliza vizuri. Mtu aliyetukataza kumlimia mdudu mmoja! Lakini nimemfikiria sana tangu hapo. Alikuwa ameona wanunuzi wanajenga nyumba za vigae na wakulima wanazeeka na jembe, mwaka baada ya mwaka, na kelele zake zote hazikupunguza hata ua moja. Nadhani alijiona ni mjinga wa mwisho kubaki upande unaoliwa. Alitaka, kabla hajafa, kuwa yule anayesimama chini ya mti wa mwenzake akingoja uive.

Kisha Kidole akashinda.

Siku hiyo naikumbuka kwa sababu ya baiskeli. Nilikuwa nje namwaga maji machafu, nikainua macho kilimani, nikamwona Mwalimu anateremka amepanda. Mbio! Koti linapepea nyuma, kengele inalia, bodaboda wanampisha. Akaingia anahema. "Kashinda! Wale wakubwa wenye majumba ya kompyuta wamempa Kidole kazi, Kabati kaachwa mlangoni!" Akatuagizia soda wote, hata Mnunuzi kwenye kona. Dereva wa fuso aliinywa ya kwake amenuna. Mpishi wangu akapiga vigelegele.

Gulio lililofuata Mwalimu alikuja anaikokota. Akakaa dirishani, chai ikapoa na utando ukaganda juu. Nikamwendea.

"Mwalimu, shikamoo. Kidole anaumwa?"

"Marahaba. Hapana, ni mzima. Ana kazi kuliko wote."

"Sasa?"

"Sasa bei ya hisa imeanguka." Aliongea kama anamwelezea mtoto wa kidato cha kwanza, na mtoto mwenyewe ni yeye. "Wanunuzi wa vile vidude ni wachache sana, Mama Asimwe, na ni wakubwa mno. Walimwambia, ukitaka kazi yote, shusha bei. Usiposhusha, kuna Kabati, na kuna wengine wawili wanajifunza kutengeneza kidole kama chako."

"Akashusha?"

"Angefanyaje?"

Alipolipa chai nilikataa hela, naye hakubishana, na Mwalimu wa siku zote angebishana. Nilimwangalia akipanda kilima. Alikuwa anatembea, baiskeli ubavuni.

Kwa bahati mbaya mwaka ule jua lilikuwa kali. Maua mengi yalikauka yakadondoka, matawi yakabaki na punje za kuhesabika. Mama Alinda alikuwa amesikitika kama wakulima wote, akasema hata hivyo Mungu ni mwema, dawa za presha zitapatikana. Asubuhi moja nikasikia anapiga yowe. Nikapita katikati ya migomba nakimbia, kitenge kinashika majani. Nikamkuta na panga, amesimama mbele ya kundi la vibarua waliokuja na magunia, anawaita wezi.

Msimamizi wao alikuwa kijana wa watu, ameogopa. "Mama, tusigombane. Muulize mzee."

Mwalimu alikuwa mlangoni. Shavu moja limenyolewa, la pili lina povu. "Waache, Mama Alinda," akasema. "Ni yao."

Nilidhani atamkata. Nasema kweli, nilimshika mkono. Lakini aliliweka panga chini polepole, akamwangalia mumewe kama mtu anayesoma kibao cha njia, akaingia jikoni. Hakumuuliza kitu. Hakumuuliza siku hiyo wala wiki hiyo. Alimpikia, alimfulia, alimwekea maji ya kuoga, na hakumsemesha tena.

Alinda aliposikia alilia kwenye simu, akauza zile hisa. Kilichorudi hakikutosha hata kumkomboa mama yake kwa Mnunuzi, na magunia hayakutimia, kwa hiyo kahawa ikabaki ya Mnunuzi mpaka msimu mwingine. Nkwenda nzima ikapata la kusema. Wale aliowasimamisha uani kwao miaka yote, wengine walicheka wazi wazi. Mganga hajigangi, wakasema. Mume wangu hakucheka. Alifunga debe la maharage kwenye baiskeli, akalipeleka, akaliweka kwenye baraza ya Mwalimu, akarudi. Nilimuuliza wamesemezana nini, akasema hakuna.

Nampenda yule mzee, na nilimkasirikia sana. Kila nilipomwona Mama Alinda amekaa jikoni anasikiliza watu wasiowajua wakikatakata matawi yake nje, hasira inanipanda upya. Kwa hiyo sikwenda kwao kwa muda. Nilikwenda msimu huu uliopita, alasiri moja, kahawa imeiva.

Vibarua walikuwa shambani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anakwangua tawi zima kwa mkono mmoja, nyekundu na kijani pamoja, majani yanaruka. Na pembeni yake, kikapu kimefungwa kiunoni, shati limepigwa pasi, alisimama Mwalimu. Anachuma moja moja. Nyekundu tu.

"Mama yangu, ukikwangua hivyo unang'oa na macho ya mwakani," alikuwa anamwambia. "Chagua."

"Mwalimu," yule mama akajibu, bila ubaya, "nalipwa kwa debe, silipwi kwa rangi." Akaendelea.

Nikasimama mbele yake. "Shikamoo, Mwalimu. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba, Mama Asimwe. Kibarua." Alisema kama anavyosema mtu aliyeajiriwa benki. "Nimemwomba Mnunuzi. Miti hii siku moja itarudi kwa mwenyewe. Nisipokuwepo itarudi imekufa."

Nilikuwa nimejiandaa maneno makali, nilikuwa nayo kifuani tangu mwaka ule. Badala yake nikauliza tu lile lililokuwa linanisumbua. "Lakini Mwalimu, si ulisema Kidole atashinda? Na si alishinda? Ulikosea wapi?"

Hakuacha kuchuma. "Kwenye Kidole sikukosea. Nilidhani mwenye hisa ni mnunuzi wa maua. Nilidhani nimevuka upande ule wa pili." Akaigeuza kahawa moja akaiangalia chini, ilikuwa bado na kijani kidogo, akaiacha. "Kumbe Kidole naye ni mkulima. Anagombania wanunuzi na wakulima wenzake, anauza kwa bei anayopangiwa. Nilimuuza mke wangu nikaenda kununua mkulima mwenzangu."

Nikamwambia naingia kumsalimu mama.

Mama Alinda alinipokea vizuri, akanikalisha. Amekonda. Akasimama akaenda kuleta kile kikapu kidogo, akafungua mfuniko. Zilikuwa chache chini kabisa, nyeusi, za zamani.

"Hizi ni za kabla ya mwaka ule," akasema. "Za sasa sina. Nikichuma hata moja hapo nje ni wizi."

"Basi ziache, Mama Alinda. Mimi si mgeni."

"Chukua. Hapa bado ni kwangu." Akainama kidogo, mikono miwili, kama siku zote. Nikachukua moja.

Tuliongea ya watoto, ya mvua, ya goti langu. Nje tukasikia vibarua wanapimiwa madebe yao, wanachekeshana, wanaondoka. Baadaye Mwalimu akaingia. Alikuwa amenawa, kofia iko kichwani, na mkononi ana jani la mgomba amelifunga. Akalifungua karibu na jiko. Ndani kulikuwa na kahawa nyekundu, zinazojaa kiganja.

"Nimezinunua," akamwambia mkewe. "Nimemwambia msimamizi anikate kwenye ujira. Ni halali. Unaweza kuzichemsha."

Mama Alinda aliziangalia muda mrefu. Hakuzigusa, wala hakuzitupa. Akajifuta mikono kwenye kitenge. Akachukua kile kikapu, akafungua mfuniko, akamwendea mumewe, akainama kidogo, akakitoa kwa mikono miwili.

"Karibu, Mwalimu," akasema.

Mwalimu akavua kofia. Akaangalia viti vyote vya nyumba ile, na kimoja kina mkao wake wa miaka yote, halafu akaenda kukaa kwenye kile kilicho karibu na mlango.